Kuwamba si Kufunika: Lugha ya Ufundi wa Ndani ya Gari

Kiswahili kilipolipokea gari kilifuata njia mbili. Ya kwanza ni kutohoa: breki, gia, klachi, injini. Ya pili ni kulipanulia maana neno lililokuwamo tayari: usukani, uliokuwa wa chombo cha baharini, ukawa pia wa gari. Njia hii ya pili husahauliwa mara nyingi na sisi tunaotafsiri. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha hasara ya kuisahau, kwa kuichunguza kazi moja tu: kuzirudishia sura mbao za ndani ya gari kuukuu.

Tuchukue mfano wa Singida Mjini. Mji huu uko katika uwanda wa kati wa Tanzania, ambako msimu wa mvua ni mmoja na kiangazi ni kirefu. Barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Nzega hupitia hapa, na nyingine huelekea Babati. Gari lililokaa miaka mingi katika jua na vumbi la namna hii, tuseme Peugeot 504, aina iliyoanza kuundwa mwaka 1968, huchakaa ndani hata kama injini yake ni nzima. Ngozi ya plastiki hukauka na kupasuka, sponji hugeuka unga, gundi huachia, na dari hulegea ikamgusa dereva kichwani. Maji yakipenya mlangoni, ubao wa hadibodi huvimba na kupinda.

Fundi anayeijua kazi hufungua kwanza skrubu za kishikio na za mpini wa kupandishia kioo, kisha huutoa ubao polepole ili vibano vyake visivunjike. Karatasi ya nailoni iliyo nyuma yake haitupwi, maana ndiyo izuiayo maji yateremkayo kiooni yasiuloweshe ubao. Ngozi kuukuu huwambuliwa, na sponji na gundi ya zamani hukwanguliwa mpaka ubao ubaki mtupu. Ubao uliovimba hauponi. Hutumiwa kuwa kielelezo cha kukatia mwingine. Gundi hupakwa pande zote mbili, ikaachwa mpaka isinate kidoleni. Ngozi mpya hulazwa kuanzia katikati, ikavutwa kuelekea kingoni isifanye makunyanzi, kisha kingo zake hukunjwa nyuma ya ubao na kushikizwa. Penye kona hukatwa pembe ndogo ili mkunjo usivimbe. Matundu ya skrubu hutobolewa mwisho.

Kazi hii yote iitweje? Katika hati nyingi huandikwa kufunika, kubandika, kuvisha au kutengeneza. Kufunika ni kuweka kitu juu ya kingine, na kifuniko huweza kuondolewa wakati wowote. Kubandika ni kugandisha tu. Kuvisha ni kuingiza kitu ndani ya vazi lake, kama kiti na foronya yake. Kutengeneza ni neno la kila kazi, na kwa hiyo halielezi kazi yoyote.

Neno lipo, nalo ni kuwamba. Ngoma huwambwa kwa ngozi, kitanda huwambwa kwa kamba, na ngozi mbichi huwambwa ili ikauke bila kujikunja. Katika yote hayo kuna umbo gumu, kuna kitu kinachonyoshwa juu yake, na kuna kingo zilizoshikizwa ili mvuto usipotee. Ndivyo ilivyo kwa ubao wa mlango wa gari. Na kinyume chake, kuwambua, nacho kimo katika lugha.

Hili si jambo la mapambo. Tuseme karani ameandika katika hati ya kazi: "Funika milango minne." Fundi akitandaza kitambaa juu ya ngozi iliyopasuka na kukibandika pembeni, amefunika, hakuna neno la hati alilovunja. Kitambaa kitabanduka upesi kwa kuwa sponji iliyooza imebaki chini yake. Ofisi italalamika, fundi atadai fedha zake, na hati itamtetea fundi. Lakini kama ingeandikwa, "Wambua ngozi ya zamani, safisha ubao, uwambe upya," kila hatua ingeweza kukaguliwa.

Kuhusu jina la ubao wenyewe, tunapendekeza kiwambo cha mlango. Kiwambo ni kitu kilichowambwa, na pia ni kitu chembamba kinachotenga sehemu mbili. Ubao huu una sifa zote mbili: umewambwa, nao humtenga abiria na mitambo ya kioo na kitasa. Walimu wa elimu ya viumbe watasema kuwa kiwambo ni chao, kile kitenganishacho kifua na tumbo. Hatuoni mgongano, kwani maneno "cha mlango" yanatosha kuuondoa utata.

Wala hatusemi kwamba fundi aache skrubu aseme parafujo. Parafujo lenyewe lilitoka kwa Wareno. Tunalosema ni kwamba mtafsiri, kabla ya kuunda au kukopa, aulize kwanza kazi ile inafanana na kazi gani tuliyokwisha kuipa jina. Wasomaji wenye neno lililo bora kuliko kiwambo cha mlango wanakaribishwa kuliandikia Baraza.