Ubao Uliozaa Baraza: Maana na Visawe vya Neno "Board"

Mwanafunzi wa Kiingereza anapolitafuta neno board katika kamusi, hukutana na orodha ya kukatisha tamaa. Board ni ubao. Board ni meza. Board ni chakula anachopewa mpangaji. Board ni watu wanaosimamia kampuni. Tena aliyemo melini au ndegeni husemwa yuko on board. Akikimbilia kamusi ya visawe, anapewa plank, table, meals, committee, council na panel, yote kwenye mstari mmoja, kana kwamba lolote laweza kukaa mahali pa jingine.

Wengi hukata shauri kukariri. Sura hii inashika njia nyingine. Maana hizi ni ndugu, na undugu wao unafuatilika. Ukishaufahamu, utajua pia kwa nini kisawe kinachofaa katika sentensi moja huharibu nyingine.

Neno moja au maneno mawili?

Mwaka 1897 Mfaransa Michel Bréal, mmoja wa waasisi wa semantiki, alitoa jina kwa hali ya neno moja kubeba maana nyingi zenye uhusiano: polisemia. Hali hiyo tuitenge na homonimia, ambapo maneno mawili yasiyo na nasaba yanafanana umbo kwa bahati tu.

Kiswahili kina mfano mzuri wa homonimia. Bodi ya mikopo na bodi ya gari hutamkwa na kuandikwa sawa, lakini ya kwanza ilitokana na board, ya pili na body. Mtunzi wa kamusi anayeijua asili yake huyapa vidahizo viwili. Board yenyewe ni habari nyingine: ubao, meza, chakula na wakurugenzi hukaa chini ya kidahizo kimoja, kwa sababu kila maana imetoka katika maana iliyoitangulia.

Ukumbini wakati wa chakula

Katika Kiingereza cha Kale, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, bord lilikuwa jina la kipande bapa cha mti uliopasuliwa. Hata ngao, iliyotengenezwa kwa mbao, iliweza kuitwa hivyo.

Sasa tuingie katika ukumbi wa bwana mkubwa wa Uingereza ya Enzi za Kati. Saa ya kula inapofika, watumishi huleta mbao ndefu, huzilaza juu ya viunzi vya miguu na kutandika kitambaa. Watu wakishakula, mbao huondolewa na ukumbi hubaki wazi kwa shughuli nyingine. Katika mazingira hayo ubao ndio meza, na board likapata maana yake ya pili.

Kutoka mezani neno likaenda njia mbili. Njia ya kwanza iliishia kwenye kile kilichowekwa juu ya meza, yaani chakula. Ndiyo maana board and lodging ni chakula na malazi, na boarding school ni shule ambayo mwanafunzi hula na kulala hapo hapo. Njia ya pili iliishia kwa watu walioizunguka meza hiyo kujadili mambo. Chombo cha serikali ya Uingereza kilichoundwa mwaka 1696 kushughulikia biashara na makoloni kilikuja kujulikana kama Board of Trade, na soko la nafaka lililoanzishwa Chicago mwaka 1848 likaitwa Chicago Board of Trade. Mbao na viunzi vilikwisha kusahaulika. Jina likabaki kwa wanaoamua.

Ubavuni mwa chombo

Maana ya melini ina historia yake. Lilikuwapo neno jingine la kale lenye maana ya ukingo au ubavu wa chombo, nalo likachanganyika mapema na lile la ubao. Mabaharia wa kaskazini mwa Ulaya waliongoza vyombo kwa kafi kubwa lililofungwa ubavu wa kulia, na ubavu huo ukaitwa starboard, yaani ubavu wa usukani. Wa kushoto uliitwa larboard. Kwenye upepo na mawimbi majina haya mawili yalisikika karibu sawa, na amri iliyosikika vibaya ingeweza kuzamisha meli. Mwaka 1844 jeshi la majini la Uingereza liliagiza kwamba upande wa kushoto uitwe port. Aliye on board, basi, yumo ndani ya mbavu za chombo. Baadaye usemi huo ukapanda treni na ndege.

Kanuni iliyo nyuma yake

Kitu kukipa jina kitu kinachopakana nacho huitwa metonimia, na Waswahili wanaijua vyema. Baraza ni kibao cha mawe au udongo mbele ya nyumba ya pwani, ambapo watu hukaa kuzungumza. Jina likahamia kwa waliokaa, na leo tuna Baraza la Mawaziri. Anayeongoza kikao ni mwenyekiti, mwenye kiti. Kiingereza nacho huwaita mahakimu bench, kwa jina la benchi wanalokalia.

Lakini kupakana hakuamui neno litaelekea wapi. Kwa Waingereza ubao ulifika kwenye chakula. Katika Kiswahili cha mtaani, mtu anayelalamika ubao analalamika njaa. Historia hueleza njia iliyopitwa, haitabiri itakayofuata.

Visawe ni vya maana

Mwaka 1852 daktari wa Uingereza, Peter Mark Roget, alichapisha kamusi iliyopanga maneno kwa dhana badala ya alfabeti. Neno kama board likatokea mahali pengi, kila mahali na majirani tofauti. Wazo hilo liliendelezwa katika WordNet, hazina ya maneno iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Princeton miaka ya 1980 chini ya George Miller: kila maana huwa na kundi lake la visawe.

Jaribu kubadilisha. Seremala aliyekata board amekata plank. Hakuna anayeweza kukata committee kwa msumeno. Mpangaji anayelipia board analipia meals. Hata ndani ya kundi moja visawe havilingani. Board ya kampuni ina mamlaka ya kudumu na wajibu wa kisheria. Committee kwa kawaida huundwa na chombo kikubwa na huripoti kwake. Panel mara nyingi hukusanywa kwa kazi maalumu, kisha huvunjwa. Council huwa ni baraza, kama la madiwani. Kiswahili kinatenga vilevile: bodi, kamati, jopo, baraza.

Basi unapokutana na neno lenye maana kumi, uliza kwanza: hapa limesimama katika maana ipi? Kisha uliza maana hiyo imetoka wapi. Visawe viendee mwisho, navyo uvijaribu katika sentensi yako kimoja kimoja. Anayeanza na visawe hupata maneno mengi na kukosa alilolitafuta. Anayeanza na maana huhitaji moja tu, lililo sahihi.