Somo la Bahari kwa Mwana wa Milimani



Ukisimama juu ya kilima cha Gisozi, hapa Kigali, utaona vilima na mapaa ya nyumba, bahari hutaiona. Bahari ya Hindi iko mbali nasi kwa zaidi ya kilomita 1,000. Ndiyo maana wako wanaouliza: mtoto wa Gisozi afundishwe habari za sakafu ya bahari kwa faida gani? Je, hilo si somo la watoto wa Mombasa na Unguja?

Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe liko magharibi mwa nchi yetu, katika Ziwa Kivu.

Wengi hudhani kwamba chini ya bahari ni mchanga mtupu uliolala tambarare. Sivyo hata kidogo. Huko chini kuna milima na mabonde, na katikati ya bahari kuu imepita safu ndefu ya milima. Katika miaka ya 1950, bibi mmoja wa Marekani, Marie Tharp, alichora ramani kwa kutumia vipimo vya kina vilivyoletwa na meli. Akagundua kwamba kileleni mwa safu hiyo, chini ya Atlantiki, pana bonde la ufa. Yeye na mwenzake Bruce Heezen walililinganisha bonde hilo na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, yaani bonde letu.

Maana yake ni kwamba bahari huweza kuzaliwa kwa nchi kavu kupasuka. Mabamba ya ganda la dunia yakiachana, ardhi ya katikati hudidimia ikawa bonde, na maji yakijaa humo huwa ziwa. Ufa ukizidi kupanuka, maji ya bahari huingia, na mawe yaliyoyeyuka hupanda kutoka chini yakaganda kuwa sakafu mpya. Bahari ya Shamu imekwisha kufika hatua hiyo. Kivu na Tanganyika zingali katika hatua ya ziwa, na mabamba yake huachana kwa milimita chache tu kila mwaka. Wala si kila ufa hufikia kuwa bahari.

Basi mwalimu wa Gisozi hana haja ya pwani. Mafundi seremala wamejaa kilimani hapo. Na achukue mbao mbili, azilaze bega kwa bega, azifunike kwa udongo wa mfinyanzi uliolowa, kisha wanafunzi wazivute polepole. Udongo utapasuka na kuzama katikati, nao watakuwa wameona kwa macho yao mwanzo wa bahari.

Lakini somo hili si la watoto peke yao. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka nchini Kongo. Maelfu ya watu wa Goma walivuka mpaka wakaingia Rubavu, na kwa siku kadhaa matetemeko yakapasua nyumba pande zote mbili. Katika saa kama hiyo, raia aliyeshikwa na hofu humkimbilia aliyevaa sare na kumwuliza: je, ardhi itafunguka itumeze?

Askari asiyejua atanyamaza, au atarudia uvumi aliousikia njiani. Anayejua atajibu kwa utulivu kwamba huo ni moto wa chini unaojipenyeza katika ufa wa zamani. Kwamba bahari haitafunguka leo wala kesho. Na kwamba hatari iliyo karibu ni ukuta uliopasuka. Kisha atawatoa watu ndani ya nyumba hiyo.

Wahenga walinena: tahadhari kabla ya hatari. Hatuna budi kuikubali elimu ya sakafu ya bahari kuwa sehemu ya tahadhari hiyo, hata kwetu sisi tuliozaliwa milimani.