Hiyo H siyo ya ‘heshima’, mshikaji!

JUMAMOSI moja usiku, saa tano kasoro. Nimejilaza kitandani, taa nimezima, simu iko kifuani. Nimechomeka iafoni mpya masikioni, roho kwatu, nikabonyeza wimbo uanze.

Msomaji wangu, kilichofuata sikukitegemea. Ilikuwa kama mtu kapiga debe tupu kwa nyundo ndani ya kichwa changu. Nikazing’oa zile iafoni kama mtu aliyeingiwa na siafu, nikakaa kitako, moyo unadunda. Chumba kikawa kimya. Lakini sikio la kushoto halikuwa kimya. Lilikuwa linalia “nyiiiii”, kama mbu aliyegoma kutua.

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa dogo kuliko kichwa cha kiberiti. Kuna kiswichi chenye herufi mbili, L na H. Mimi nilikiacha kwenye H.

NILIVYOINGIA MKENGE

Wenzangu mnaopenda muziki mnajua hali ilivyo. Simu nyingi siku hizi hazina lile tundu la duara la kuchomekea hedifoni. Apple waliliondoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016, na makampuni mengine yakafuata mkumbo. Ndiyo maana vijana wengi wa mjini sasa wanatembea na kidude kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la chaji, kisha hedifoni inachomekwa kwenye kidude.

Ndani ya hicho kidude mna vitu viwili. Cha kwanza ni DAC, ambayo kazi yake ni kuzigeuza namba za wimbo ulioko kwenye simu ziwe umeme wa sauti. Cha pili ni amplifaya, inayoutia ule umeme nguvu ya kusukuma hedifoni. Vile vidogo sana vinakula umeme wa simu, vile vikubwa kidogo vina betri yake na kizungushio cha sauti pembeni.

Changu ni cha aina hiyo ya pili. Nilikinunua baada ya kudunduliza miezi kadhaa, nikakiunganisha na hedifoni kubwa za mtumba, Beyerdynamic DT 770 Pro za omu 250, zile wanazopenda mafundi wa studio. Muuzaji akaniambia: “Bro, weka H. L ni ya washamba.” Nikaweka. Zile hedifoni kubwa zikapiga muziki mtamu ajabu, nikajiona mtoto wa mjini kweli kweli.

Wiki tatu baadaye nikanunua iafoni za kuchomeka sikioni, za omu 16, za kutembelea kwenye daladala. Nikachomoa kubwa, nikachomeka ndogo. Kiswichi hakikuguswa, kizungushio hakikuguswa. Mengine unayajua.

KOKI YA SIMTANKI

Jumatatu mlio haujaisha. Nikamfuata kaka mmoja wa mtaani kwetu, fundi mitambo wa siku nyingi, anayefunga vyombo kwenye maharusi na mikutano ya injili.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba, mdogo wangu. Mbona umeshika sikio?”

Nikamsimulia. Akacheka, halafu akaacha kucheka. “Hiyo L na H ni geini,” akasema. “Hata kwenye mixa yangu ipo. Nani kakwambia H maana yake ni bora?”

Kisha akanipa mfano ambao sitausahau. Geini ni koki kubwa ya kwenye simtanki. Kizungushio cha sauti ni bomba la jikoni. Ukifungulia koki ya simtanki yote, kule jikoni ukigusa bomba kidogo tu, umelowa mpaka soksi. Ukiibana sana, bomba la jikoni utalifungulia mpaka mwisho na maji yatadondoka tone tone. Fundi mwenye akili anaiweka koki ya juu kiasi kwamba la jikoni ukilifungulia nusu, maji yanatosha sufuria.

“Na sikia,” akaongeza. “Koki haiongezi maji kwenye tangi. Nguvu ya kidude chako imepangwa na betri yake na sakiti yake. H haikupi amplifaya mpya. Inazidisha tu kile kinachoingia.”

Yaani, msomaji, ukiwa na hedifoni ambazo L inazitosheleza, H haikuongezei utamu hata chembe.

HESABU KIDOGO, USIKIMBIE

Geini hupimwa kwa desibeli. Ikiongezeka kwa desibeli 6, volti zinazotoka zinakuwa mara mbili. Ikiongezeka kwa desibeli 20, zinakuwa mara kumi. Kwa hiyo kile kiswichi unachokisukuma kwa ukucha siyo mchezo.

Sasa geuza boksi la hedifoni zako, utaona vitu viwili. Kuna omu, ambao ni ukinzani, na kuna desibeli kwa miliwati, yaani zinapiga kelele kiasi gani ukizipa umeme kiduchu wa miliwati 1.

Chukua iafoni za omu 16 zenye desibeli 100 kwa miliwati. Ukizipa volti 1 kamili, zinatoa takriban desibeli 118. Chukua hedifoni za omu 300 zenye desibeli 100 zile zile. Volti 1 hiyo hiyo inatoa takriban 105. Tofauti ni desibeli 13, kwa umeme ule ule! Ndiyo maana kubwa zangu zilikuwa zinanibembeleza na ndogo zikanizaba kofi.

Kwa haraka haraka, iafoni za kuchomeka sikioni za omu 16 mpaka 32 nyumbani kwake ni L. Hedifoni za studio za omu 250 au 300, kama Sennheiser HD 600, ndizo zinazoweza kuomba M au H.

Lakini usihukumu kwa omu peke yake. HIFIMAN HE6 ina omu 50 tu, ungedhani ni laini. Kumbe ni desibeli 83.5 kwa miliwati, mvivu wa kutupwa! Ili ifike desibeli 100 inahitaji miliwati kama 45, wakati zile zenye 100 kwa miliwati zinafika hapo kwa miliwati 1. Soma namba zote mbili.

Na kama kidude chako kina tundu la kawaida la milimita 3.5 na lile nene la milimita 4.4, fahamu kwamba kwenye vidude vingi lile nene linatoa volti nyingi zaidi. Kuhama tundu ni sawa na kupandisha geini bila kugusa kiswichi.

MASIKIO YETU NI MALIMBUKENI

Sasa utaniuliza, mbona ukisukuma H muziki unakuwa mtamu papo hapo? Besi inashuka, sauti ya mwimbaji inasogea karibu?

Jibu limejulikana tangu mwaka 1933, pale watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walipoonyesha kwamba sikio la binadamu halisikii sauti zote sawa. Muziki ukiwa chini, besi tunaisikia kwa shida. Muziki ukipanda, besi inajitokeza. Kwa hiyo ukienda H, sauti imepanda tu, na sikio linakwambia “hii bora”. Dukani wanajua hilo, wewe hujui, unatoa pochi.

Ukitaka kujaribu kwa haki, sikiliza L, kisha nenda H na ushushe kizungushio mpaka sauti ilingane na ya mwanzo. Mimi nilifanya hivyo na zile iafoni ndogo. Utamu wa H ukayeyuka. Kilichobaki ni kasoro tatu.

Kasoro ya kwanza ni mvumo. Wimbo ukinyamaza unasikia “shhhh” kama chapati kwenye kikaango cha jirani, maana geini inakuza na takataka za umeme. Ya pili ni sikio moja kupata zaidi ya jingine, kwa sababu vizungushio vingi vya vidude vidogo havilingani kushoto na kulia vikiwa chini kabisa. Ya tatu ni kukosa nafasi ya kuzungusha. Nikigusa kidogo kimya, nikigusa kidogo tena kelele.

Nikarudi L. Mvumo ukapotea, kizungushio kikakaa katikati, masikio yote mawili yakala sawa.

FANYA HIVI

Kabla ya kuvaa chochote, kizungushio kiwe sifuri na kiswichi kiwe L. Kila siku, hata kama una haraka.

Kama kidude kina kizungushio chake cha kweli, pandisha sauti ya simu mpaka juu, kisha pima kwa kizungushio. Hapo wimbo unatoka kwenye simu mzima bila kupunguzwa. Ila ukichomoa, kumbuka kuishusha ile ya simu, la sivyo iafoni za bluetooth zinaweza kukupokea na mvua ya mawe. Kama kidude hakina kizungushio, simu ndiyo inaendesha kila kitu. Anza chini, panda polepole.

Piga wimbo unaoujua vizuri, wenye sehemu tulivu na sehemu ya fujo. Ukifika sauti inayokutosha huku kizungushio kiko kati ya robo na robo tatu ya mzunguko, umefika, acha. Ukifika mwisho na bado muziki unanong’ona, shusha kwanza, kisha hamia M, na ikibidi H. Ukiwa H na kwenye fujo unasikia mkwaruzo, amplifaya imefika ukomo wake. Shuka.

Ukibadilisha hedifoni, anza upya kama vile kidude umekinunua leo. Mimi sikio langu lilinifundisha hilo kwa bei mbaya.

SIKIO HALINA SPEA

Mlio ulipofika siku ya nne nilikwenda hospitali. Nikaingizwa kwenye kichumba kisichopitisha kelele, nikavishwa hedifoni, nikapewa kitufe cha kubonyeza kila nikisikia mlio mdogo. Sikio la kulia nilibonyeza vizuri. La kushoto kuna mahali nilisubiri, nikasubiri, nikadhani mashine imekatika. Haikukatika. Karatasi ilipotoka, mstari wa kushoto ulikuwa umezama kwenye hezi 4,000, mahali ambapo majeraha ya kelele hupenda kuanzia.

Daktari, mama wa makamo, akanieleza taratibu. Ndani ya kila sikio tunazaliwa na chembe zenye vinywele kama 15,000 hivi, ndizo zinazosikia. Zikichoka zinaweza kupumzika zikarudi. Zikifa, kwa binadamu haziotei tena. “Ungekuja siku ya kwanza, mwanangu,” akasema. “Mlio ukipita siku moja, usikae nyumbani kuvumilia.”

Nikamwambia mara nyingi napandisha sauti kwa sababu ya kelele za daladala. Akatikisa kichwa. Dawa ya daladala, akasema, ni vipira vya iafoni vinavyoziba sikio vizuri, viwe na saizi yako. Kelele ya nje ikizuiwa, muziki wa chini unatosha.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Desibeli 88, saa 4. Desibeli 100, dakika 15. Kwa mahesabu hayo hayo, zile 118 tulizozipiga hapo juu zinakupa sekunde kama 14. Wimbo haujafika hata kiitikio!

Na usitegemee simu ikuonye. Simu haijui huko mbele umechomeka hedifoni za omu 300 au iafoni za omu 16. Anayejua ni wewe. Ukivua ukasikia dunia imefunikwa blanketi, umezidisha.

Leo ni mwezi wa sita tangu usiku ule. Mchana niko sawa. Usiku, mtaa ukilala, mbu wangu anarudi sikio la kushoto. Nimezoea. Mama akiniita kutoka uani namwomba anisubiri nigeuze kichwa. Hilo sijalizoea.

Kidude bado ninacho na nakipenda. Pembeni ya kile kiswichi nimebandika kipande cha plasta, kimefunika H. Nikivaa zile kubwa nakibandua kwa makusudi, nikimaliza nakirudisha. Masela wananicheka, wanasema nimefunga kidonda cha redio. Waache wacheke. Wahenga walishasema, sikio la kufa halisikii dawa, na langu mimi bado nalihitaji.

Haya, kwa leo naishia hapa. Kabla hujalala, kiangalie cha kwako kiko herufi gani. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.