OSHA KWANZA, NDIPO UTAKASE

Mtu wa Sigino akijikata kwa panga shambani hukimbizwa zahanati au hospitali akashonwe. Mkasi na koleo atakavyohudumiwa navyo vilishatumika kwa mwingine, na kesho vitatumika tena. Je, vimetakaswaje? Wengi hujibu, "Si vimechemshwa?" Jibu hilo halitoshi.

Kosa la namna hii limewahi kuua wengi. Mwaka 1976, huko Yambuku, kaskazini mwa Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, palikuwa na hospitali ya misheni iliyohudumiwa na masista wa Kibelgiji. Kila asubuhi wauguzi walipewa mabomba 5 tu ya sindano. Baada ya kila mgonjwa yalisuuzwa kwa maji ya uvuguvugu, kisha yakatumika tena. Ulipoingia ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ebola, sindano hizo ziliueneza. Waliougua ni 318, waliokufa 280. Kati ya watumishi 17 wa hospitali, 11 walifariki. Huruma hawakukosa, walikosa vifaa vya kutosha na utaratibu wa kuvitakasa.

Ebola huletwa na virusi, lakini bakteria wa pepopunda, wa usaha na wa homa ya uzazi nao hupita njia hiyo hiyo ya vifaa vichafu.

Kwa nini kuosha kutangulie? Damu ikikauka juu ya chuma hufanya ganda, kama ukoko wa ugali sufuriani. Bakteria hujificha chini yake, na dawa haiwafikii.

Hatua ni hizi:

1. Kuosha. Vifaa vioshwe kabla damu haijakauka, kwa maji, sabuni na brashi. Mkasi ufunguliwe hadi kwenye maungio. Anayeosha avae glavu nene.

2. Kutakasa kwa mvuke wa presha. Joto lifike nyuzi 121, ndipo saa ianze kuhesabiwa: dakika 20 kwa vifaa visivyofungwa, 30 kwa vilivyofungwa kwa kitambaa. Kuchemsha kwa kawaida huua bakteria wengi, ila mbegu za pepopunda zaweza kupona.

3. Kutunza. Vifaa vibaki vikavu ndani ya kitambaa chake. Kikilowa au kuchanika, kazi irudiwe.

Nawe mgonjwa una sehemu yako. Sindano hutumika mara moja tu. Omba ifunguliwe mbele yako. Kama hujaridhika, uliza kwa heshima: "Samahani dada, vifaa hivi vimetakaswa?" Muuguzi mwema hataudhika.

Na ninyi wajumbe wa kamati ya zahanati, mnapopanga matumizi, kabla ya rangi ya ukuta ulizeni kwanza: maji yapo? Sabuni na brashi zipo? Chombo cha presha kinafanya kazi? Hapo ndipo usalama wa mgonjwa unapoanzia.