Baba yuko Uingereza, hati zake za mshahara ziko sawa?

Kila jioni baada ya chakula mtoto hupewa simu azungumze na baba. Anamjua kwa sauti na kwa sura ya kwenye kioo. Mama ameshaandaa cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na picha za harusi. Kinachoweza kuwachelewesha kuungana ni karatasi ambayo baba huipokea kila mwisho wa mwezi na kuiweka kando bila kuisoma: hati ya mshahara.

Familia nyingi zina mzazi ambaye ni raia wa Uingereza au ana kibali cha kudumu cha kuishi huko, pengine akifanya kazi hospitalini au kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ili mwenza wake apate viza ya familia, kwa kawaida kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya kodi huhitajika. Kiwango hicho kilianza Aprili 11, 2024. Kabla ya hapo kilikuwa pauni 18,600.

Wengi hukosea mwanzoni kabisa. Mama anayefundisha shule Tanga huambatanisha hati zake mwenyewe akidhani zitaongezea. Mshahara anaolipwa akiwa nje ya Uingereza hauingii kwenye hesabu hiyo. Unaohesabiwa ni wa baba.

Baba aliyekaa kwa mwajiri mmoja miezi sita au zaidi hutakiwa kutoa hati za miezi sita mfululizo. Ambaye hajafikisha miezi hiyo hutakiwa kuonyesha kipato cha miezi 12. Hati ya mwisho isiwe na zaidi ya siku 28 siku maombi yanapotumwa.

Hati ionyeshe jina la mwajiri. Kama kuna shaka, iambatane na barua ya mwajiri yenye nembo na saini ya ofisa mwandamizi, ikithibitisha kuwa ni ya kweli. Barua nyingine ya mwajiri itaje mshahara wa mwaka, muda aliofanya kazi, tangu lini analipwa kiwango hicho na aina ya ajira.

Kisha huja taarifa ya benki ya miezi ileile. Hati ikisema baada ya makato amelipwa pauni 1,950, benki nayo ionyeshe pauni 1,950 zimeingia. Pesa iliyopitia akaunti ya rafiki huzua maswali.

Mwezi mmoja mbaya nao huweza kuharibu hesabu. Kwa mwenye mshahara wa kila mwezi, kiwango cha chini kabisa ndani ya miezi hiyo ndicho hutazamwa. Aliyelipwa pauni 2,500 kwa miezi mitano na 2,300 mwezi mmoja anaweza kuhesabiwa kwa 2,300, yaani pauni 27,600 kwa mwaka, na hapo amepungukiwa. Anayelipwa kwa saa huangaliwa wastani.

Ugonjwa na uzazi vina nafasi yake. Aliye kwenye malipo ya ugonjwa au likizo ya uzazi wakati wa kuomba anaweza kutumia hati za kipindi kabla likizo haijaanza. Haina haja ya kukata tamaa, wala kununua hati ya kughushi. Udanganyifu ukibainika, maombi hukataliwa na doa hilo hufuata maombi yajayo.

Mama naye ana kipimo chake. Anayetoka Tanzania kwenda kuishi Uingereza zaidi ya miezi sita hutakiwa kupima kifua kikuu, na cheti hudumu miezi sita. Akipima mapema mno, cheti huweza kwisha wakati baba bado anasubiri hati ya sita.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ada, wawili hao wakae na simu zao, wasome hati moja baada ya nyingine wakizilinganisha na benki. Kumwambia mtoto asubiri mwezi mmoja zaidi ni kazi ngumu. Kumweleza kwamba viza imekataliwa ni ngumu zaidi.