Lawama Inapoelekezwa kwa Janga

Serikali zilipowafungia watu majumbani mwaka 2020 ili kuzuia Korona, wengi walibashiri kwamba ndoa zingevunjika kwa wingi. Hoja yao ilieleweka upesi: watu wawili wabanwe chumba kimoja, wakose kipato, waishi kwa hofu ya kuugua, watakosaje kuchokana? Takwimu hazikuufuata ubashiri huo. Uingereza na Wales zilisajili talaka 103,592 mwaka huo, pungufu ya mwaka uliotangulia kwa karibu asilimia 4.5, na Marekani nako kiwango cha talaka kilishuka. Mtu ana haki ya kupinga hapa. Mahakama zilikuwa zimesimamisha shughuli nyingi, na anayetaka kuondoka huhitaji nauli na kodi ya chumba kingine. Pingamizi hilo ni zito, kwa hiyo hesabu ya talaka peke yake haituambii watu waliishije ndani. Inabidi waulizwe wenyewe.

Hannah Williamson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, alikuwa na majibu ya watu 654 waliohojiwa muda mfupi kabla ya janga, akawahoji tena mara mbili katika majuma yake ya mwanzo. Kwa wastani, kuridhika kwao na uhusiano hakukushuka. Waliokuwa wakisaidiana vizuri katika shida walijikuta wakiridhika zaidi, na waliozoea kugombana wakaridhika kidogo kuliko awali. Lakini lililo muhimu kuliko yote ni kwamba watu walipunguza kuwatwika wenzi wao makosa. Mume akinuna au mke akijibu kwa ukali, mwenzake alikuwa mwepesi zaidi wa kusamehe.

Jambo hili linashangaza kwa sababu utafiti wa miaka mingi ulionyesha kinyume. Watafiti Lisa Neff na Benjamin Karney waliwafuatilia wanandoa wapya kwa miaka minne, wakachapisha matokeo mwaka 2004: shida za nje zilipozidi, za kazi, za fedha, za ukoo, wanandoa, hasa wake, waliona kasoro nyingi zaidi ndani ya ndoa na kumlaumu mwenzi kwa kasoro hizo. Mzigo wa nje uliingia ndani ukavaa sura ya mtu. Neff aliporudi kwenye swali hilo wakati wa Korona, akikusanya taarifa za watu siku kwa siku, alikuta kwamba waliosema matatizo yao yametokana na janga, wanawake hasa, hawakuathiriwa sana kimapenzi na shida za siku hiyo. Naona maelezo yake yana nguvu. Shida za kawaida hazina jina. Hujilimbikiza kidogo kidogo, na aliye karibu ndiye anayeonekana kuwa chanzo. Korona ilikuwa na jina, na kila mtu alilijua.

Chukua mfano: mchuuzi wa samaki wa kukaanga katika mtaa kama Mathare, Nairobi, huuza zaidi jioni, vibarua wanapotoka eneo la viwanda. Kafyu ya kuanzia saa moja jioni, iliyoanza Kenya tarehe 27 Machi 2020, iliikata biashara hiyo saa ileile ya faida: mafuta bado ya moto, sinia halijapungua hata nusu, na lazima afunge aende nyumbani. Anamkuta mwenzake ambaye kibarua chake kimesimama, na watoto wasio na shule. Mwaka mwingine wowote, mauzo yakishuka kiasi hicho, swali la kwanza lingekuwa pesa zimekwenda wapi. Mwaka ule jibu lilitangazwa redioni kila siku, na jirani naye alirudi na samaki wake.

Je, huku si kuwapa wakatili kisingizio? Swali hili ni la haki, maana vipigo viliongezeka kiasi kwamba mwezi Julai 2020 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza uchunguzi kuhusu ukatili wa kijinsia. Watafiti niliowataja walipima namna mtu anavyotafsiri ukimya, usahaulifu au hasira ya mwenzake. Hawakupima vipigo. Njaa na kafyu zinaweza kueleza kwa nini sauti imepanda. Haziwezi kueleza kwa nini mkono unamwinukia mke na haumwinukii mwenye nyumba anayedai kodi. Anayeambiwa avumilie kipigo kwa kuwa hali ni ngumu kwa kila mtu anadanganywa, tena wakati ambapo wazee waliozoea kuitwa kusuluhisha walikuwa nje ya mipaka ya Nairobi iliyofungwa.

Pingamizi jingine linanigusa zaidi. Kulitwika janga lawama yake kunahitaji akili iliyotulia, na mtu asiyejua atakula nini kesho hana utulivu huo. Ndiyo maana sikubali ushauri wa ndoa uishie kwenye kuzungumza vizuri bila kugusa fedha. Huko Rarieda, kaunti ya Siaya, kaya maskini zilizochaguliwa kwa bahati nasibu zilipewa fedha bila masharti, nyingine kwa jina la mume, nyingine la mke. Mtafiti Johannes Haushofer na wenzake walikuta vipigo vimepungua, yeyote aliyepokea, na ukatili wa kingono ukapungua pale fedha zilipoingia mkononi mwa mke. Katika Korona, serikali ya Kenya ilituma shilingi 1,000 kwa wiki kwa baadhi ya kaya za mitaa maskini, na nyingi zaidi hazikufikiwa. Wapangaji wa bajeti za dharura huzihesabu fedha kama hizo upande wa chakula. Ushahidi unadai zihesabiwe pia upande wa kinga ya nyumba, na zitumwe juma lilelile kafyu inapotangazwa, kabla ya deni la kwanza dukani.