Valvu Mpya, Moshi Uleule

Mwenye Triumph Bonneville ya mwaka 1965 ananunua valvu nne mpya, fundi anazisaga mpaka zikae sawasawa kwenye viti vyake, kichwa cha silinda kinafungwa kwa gasketi mpya, injini inawashwa. Moshi wa buluu unatoka vilevile kama kabla ya gharama. Neno la kwanza huwa ni kwamba valvu ni feki. Huenda ni kweli, lakini mara nyingi valvu hizo zinafanya kazi yake barabara. Kosa ni kuzidai kazi isiyo yao.

Valvu huziba mahali pamoja tu, pale uso wake unapokutana na kiti, na kinachozibwa hapo ni gesi. Oili ina njia nyingine. Shina la valvu huteleza ndani ya mwongozo, yaani bomba fupi la chuma cha kusubu au shaba nyeusi lililoshindiliwa kwenye kichwa cha silinda. Kati ya shina na mwongozo lazima pawe na uwazi mwembamba, la sivyo shina litakwama likipata moto. Oili iliyo juu, kwenye springi, hushuka kupitia uwazi huo, hutua nyuma ya kichwa cha valvu, kisha husubiri valvu ifunguke ndipo iingie silinda na kuungua. Hata kiti kikisagwa mpaka king'ae, hakimo kabisa katika njia hiyo.

Injini nyingi za leo, zikiwemo za bodaboda, zimevalishwa sili ya mpira juu ya mwongozo ili kukwangua oili kwenye shina. Injini ya Bonneville, iliyoingia sokoni mwaka 1959 na kuundwa katika kiwanda cha Meriden karibu na Coventry, ilitokana na muundo wa silinda mbili ambao Edward Turner aliutoa mwaka 1937. Haikuwa na sili hizo. Waliounda injini walitegemea uwazi wenyewe uwe mdogo kiasi kwamba oili inayopita itoshe kulainisha shina na isitoshe kuonekana kwenye bomba la moshi. Ni mpango mzuri maadamu vipimo vinabaki vilivyokuwa, na injini ya miaka sitini huwa haijabaki na vipimo vingi vya ujanani.

Hapa hesabu husaidia kuliko hisia. Kimiminika kinachopita polepole kwenye uwazi mwembamba wa namna hii hufuata kanuni ya mchemraba: uwazi ukiongezeka mara mbili, kinachopita huongezeka mara nane. Tuchukulie kwamba uwazi wa kiwandani ulikuwa milimita 0.05, kwamba mwongozo umelika milimita 0.08 na shina 0.02. Uwazi sasa ni 0.15, mara tatu ya ule wa awali, na oili inaweza kupita mara 27 zaidi. Mwenye pikipiki anabadilisha valvu peke yake. Uwazi unashuka hadi 0.13, na oili inayoweza kupita bado ni zaidi ya mara 17 ya kiasi cha awali. Ametumia fedha kurekebisha sehemu moja ya tano ya uchakavu, nayo ndiyo iliyokuwa rahisi kununua.

Hali halisi huwa mbaya kuliko mfano huo. Mwongozo hauliki kwa usawa. Mkono wa roka husukuma valvu chini na pia kidogo pembeni, kwa hiyo tundu hupanuka zaidi kwenye ncha zake kuliko katikati. Shina likiegemea upande mmoja kabisa, uwazi uleule unaweza kupitisha oili mara mbili na nusu ya kiasi ambacho ungepitisha shina likiwa katikati. Kwa sababu hiyo, kutikisa valvu kwa vidole na kusema "iko sawa" hakutoshi. Shina hupimwa kwa mikrometa sehemu tatu za urefu wake, na tundu la mwongozo hupimwa juu, katikati na chini. Valvu mpya nayo hupimwa, kwani vipuri vya kuiga hutofautiana, na bendera iliyochapwa kwenye boksi si kipimo.

Kuna njia ya pili ambayo mikrometa ndani ya tundu haiwezi kuionyesha: oili kupita nje ya mwongozo. Kichwa cha silinda ni cha alumini, na alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha kusubu. Mwongozo wenye kipenyo cha nje cha milimita 12.7 ukipata ongezeko la joto la nyuzi 150, tundu linaloushika hupanuka zaidi yake kwa kama milimita 0.02. Ikiwa mwongozo ulishaondolewa na kurudishwa mara kadhaa, tundu limelegea na kiasi hicho kinatosha kuifungulia oili mlango. Injini ikiwa baridi mezani, kila kitu huonekana kimekaza. Dawa ni mwongozo wenye unene wa ziada kwa nje, si gundi, ingawa gundi ina wafuasi wake.

Kabla ya kufungua chochote, hata hivyo, moshi wenyewe unasema mengi, mradi uangaliwe unatoka lini. Ukitoka baada ya kushuka mteremko mrefu kwa gesi iliyofungwa, pale tu mwendeshaji anapofungua gesi tena, mashaka yaelekee mwongozo wa valvu ya kuingiza. Gesi ikifungwa, shinikizo la hewa kwenye njia ya kuingizia huanguka chini sana ya lile la nje, na oili iliyo juu hunyonywa. Moshi ukitoka mfululizo na kuzidi injini inapobeba mzigo, yatazamwe ringi na kuta za silinda. Kijiko cha oili kikimiminwa kupitia tundu la plagi na kipimo cha mgandamizo kikapanda, ringi zimejitaja zenyewe. Plagi ikiwa safi huku mdomo wa bomba ukiwa na oili, huenda oili inaingia baada ya silinda, kupitia mwongozo wa valvu ya kutolea moshi. Upande mmoja tu ukifuka, tatizo huwa karibu na silinda hiyo. Pande zote mbili zikifuka sawa, inafaa kushuka chini.

Huko chini kuna mambo mawili. La kwanza ni upumuaji. Katika injini hii pistoni zote mbili hupanda na kushuka pamoja. Kwa mzunguko wa mara 3,000 kwa dakika, kasha la kranki hubanwa na kuachiwa mara 50 kila sekunde, na kila mara ujazo wake hubadilika kwa sentimita za ujazo 650. Hewa hiyo ikikosa pa kutokea, hupanda kupitia mirija ya fimbo za kusukuma roka, mirija ileile ambayo oili ya juu huitegemea kushukia. Oili hukwama kwenye visima vya springi na kuufunika mwongozo. Hali huwa hivyohivyo mwenye pikipiki anapoamua kuzidishia roka oili. Kiwandani roka zililishwa kutoka kwenye bomba la kurudishia oili, lenye shinikizo dogo. Akihamishia ulishaji huo kwenye upande wa shinikizo kubwa, roka zitalowa vizuri, na kila kilicho chini yake pia.

La pili linahusu valvu za aina nyingine. Oili ya injini hii hukaa kwenye tangi lake pembeni, juu kuliko pampu, na kinachoizuia kushuka pikipiki ikiwa imesimama ni vijivalvu vya gololi ndani ya pampu. Chembe moja ya uchafu chini ya gololi inatosha kuruhusu oili iteremke kidogo kidogo mpaka ijae kasha la kranki. Injini ikiwashwa baada ya wiki kadhaa, hutoa wingu zito ambalo husafika oili ikirudi tangini. Wapo waliofungua kichwa cha silinda kwa sababu ya gololi. Njia ya kuthibitisha ni kufungua kizibo cha chini kabla ya kuwasha na kupima oili inayotoka, kazi isiyohitaji kipuri chochote.

Vipimo vikionyesha kweli kwamba njia ni mwongozo, kazi ina mpangilio wake. Kichwa hupashwa moto kwenye oveni ili alumini ilegeze mshiko, mwongozo wa zamani hutolewa na mpya kuingizwa, kisha tundu lake hupanuliwa kwa rima hadi kipimo cha kitabu cha kiwanda, kulingana na shina la valvu itakayotumika. Baada ya hapo kiti hukatwa upya, kwa kuwa mwongozo mpya hauwezi kuaminiwa kwamba umekaa kwenye mstari uleule wa katikati. Kusaga kwa unga huja mwisho. Unga unaweza kulinganisha nyuso mbili zinazokutana, lakini hauwezi kuhamisha kiti kilichokaa kombo.

Kuongeza sili za kisasa kunawezekana, lakini ncha ya mwongozo lazima ichongwe kuzipokea, na ni lazima ipimwe nafasi inayobaki kati ya sili na kishikizo cha springi valvu ikiwa imefunguka kabisa. Upande wa kutolea moshi, ambako shina hupata joto kali zaidi, kulinyima oili ni kukaribisha kukwama. Na sili juu ya mwongozo uliolika huficha ugonjwa kwa muda, kwa kuwa shina linaloyumba huila sili ile.

Kwa hiyo hatua zifuate gharama: kwanza kutazama moshi unatoka lini, kisha kumwaga na kupima oili ya chini, kuangalia upumuaji, kupima mgandamizo, na mwisho kabisa kufungua kichwa. Kubadilisha valvu peke yake ni jibu sahihi pale tu vipimo vinapoonyesha kwamba mwongozo ni mzima na shina ndilo lililolika. Hali hiyo ipo, ila haitokei mara nyingi kama valvu mpya zinavyouzwa.